Mtaalamu wa Luoyang Hapa Fordsburg

Jumatano, 2 Aprili

Njia imepatikana!

Miaka miwili sasa cherehani yangu iko mita tisa na nusu kutoka saluni ya Murielle, humu kwenye jengo la maduka Fordsburg, Johannesburg. Nimepima kwa tepu, sikukisia. Na katika miaka yote miwili nimefanikiwa kumwambia mambo matatu tu: habari ya asubuhi, leo kuna baridi, na umeme umekatika. Hilo la tatu alikuwa analijua tayari. Draya ilikuwa imezimikia mkononi mwake.

Leo asubuhi alinijia mwenyewe. Binamu yake amefungua saluni kubwa Cape Town, anamtaka akasimamie wasusi. Amempa hadi Jumapili ya tarehe kumi na tatu awe amejibu. Alinieleza hayo yote polepole, kisha akanitazama. Hata mimi nilielewa kwamba anasubiri niseme neno.

Nikamwambia Cape Town kuna upepo mwingi.

Akasema asante, Papa Firmin. Akarudi kwa mteja wake. Upepo! Mwanaume mzima, mzaliwa wa Bukavu, miaka arobaini na sita, anaulizwa habari ya moyo wake naye anatoa utabiri wa hali ya hewa!

Lakini saa nane mchana mambo yamegeuka. Madamu Shen, mwenye duka la vitambaa ambalo mlangoni pake ndipo ninaposhonea, ametutangazia kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na mbili atafanya maonyesho ya mji aliozaliwa, huko China. Mji wenyewe unaitwa Luoyang. Kutakuwa na historia yake, maua yake na kazi za mikono za watu wake. Picha zimeshafika, pamoja na taa za karatasi na farasi wa udongo ambao nimekatazwa kuwagusa. Anatafuta mtu mmoja wa kuwaeleza wageni kwa Kiswahili, kwa sababu nusu ya wateja wake ni sisi.

Murielle alikuwepo, amekuja kununua utepe. Akashika picha ya ua moja jekundu, kubwa kuliko uso wake, akasema angesimama mbele ya ua hili kutwa nzima kama angepatikana mtu wa kumweleza habari zake.

Mtu! Nikainua mkono hapo hapo. Nilipogeuka, nikaona mkono mwingine juu. Vénérand! Mlinzi wa mlango mkubwa, Mrundi wa Bujumbura, mwenye miwani. Mlinzi gani anavaa miwani ya kusomea kazini? Anamlinda nani, kamusi?

Madamu Shen amesema sote wawili tujifunze. Atachagua Ijumaa ya wiki ijayo.


Ijumaa, 4 Aprili

Kijitabu cha historia ya Luoyang kipo kimoja tu. Madamu Shen alikiacha juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasema tusome kwa zamu. Zamu! Vita vya wapi hivyo, adui mnagawana risasi?

Nikakichukua. Kukipeleka nyumbani ni wizi, nami si mwizi. Nimekihifadhi tu. Kando yangu pale mezani kulikuwa na koti zito lililoletwa kubadilishwa bitana, basi nikakitia katikati ya bitana na koti, nikashona. Mshono mzuri, haukuonyesha kitu. Nikaenda kunywa chai nikiwa na raha kubwa.

Niliporudi, koti halikuwepo. Mwenyewe amekuja, amelivaa, ameenda zake.

Mwenyewe ni Vénérand.

Nilimwona kwa mbali, amesimama mlangoni, mgongo umenyooka ajabu. Nusu saa baadaye akaja kwangu na kijitabu mkononi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akasema tangu aje nchi hii hakuna mtu aliyempa zawadi kwa heshima kiasi hicho, tena kwa siri, bila kutaka kujulikana. Akanikumbatia. Akasema atakisoma chote kuanzia jalada hadi jalada.

Eish.


Jumapili, 6 Aprili

Somo la kwanza, baada ya misa, dukani kwa Madamu Shen. Murielle alikuja pia, amekaa kwenye kigoda karibu na mabunda ya vitenge. Nilivaa koti la bluu.

Kwa kuwa sikusoma kijitabu, niliamua kutumia akili. Ilipoonyeshwa picha ya sanamu kubwa ya jiwe, imechongwa kwenye mlima, masikio yamefika mabegani, nikasema kwa sauti ya uhakika kwamba huyo ni meya wa kwanza wa Luoyang, aliyesifika kwa kuwasikiliza wananchi. Madamu Shen akafumba macho kidogo. Vénérand akasafisha miwani, akasema kwa upole kabisa kwamba ndugu yangu Firmin hayuko mbali, ila huyo ni Buda, amechongwa mwambani zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, na kwamba malkia wa wakati huo alitoa pesa zake za poda na vipodozi ili kazi ikamilike.

Murielle akapiga makofi. Malkia kuacha poda! Yeye ni msusi, anajua uzito wa jambo hilo. Akamwomba Vénérand arudie. Akarudia! Mtu mwenye haya asingerudia.

Akaendelea kueleza kwamba nasaba kumi na tatu za wafalme ziliufanya Luoyang kuwa mji wao mkuu. Mimi nikasema najua. Akaniomba nizitaje. Nikasema nisingependa kuwachosha wanawake.

Kisha likaja lile ua. Hili alilisimulia Madamu Shen mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha polepole. Ua linaitwa peoni, na kila Aprili mji wake hujaa watu wanaokwenda kulitazama. Wazee wa kwao husimulia kwamba malkia yule aliamuru maua yote yachanue katikati ya baridi. Yote yakaogopa, yakachanua. Peoni likakataa. Malkia akakasirika, akalifukuza katika bustani yake, likapelekwa Luoyang. Na huko, kati ya watu lisiowajua, ndiko lilikochanua kuliko maua yote.

Vénérand alivua miwani. Murielle alikuwa anautazama utepe mkononi mwake, akasema taratibu kwamba basi lilifukuzwa, likafika mahali pa wageni, likaamua kukaa. Nasi wote mle ndani tulifika Johannesburg tukiwa na mfuko mmoja mmoja. Kisha akaniinulia macho, mimi na si mwingine, akauliza ninasemaje kuhusu hilo.

Nilikuwa na neno kamili kooni. Neno zuri, neno moja tu.

Nikasema ua la namna hiyo linahitaji mbolea.


Jumatatu, 7 Aprili

Sikula asubuhi. Mbolea!

Mchana Vénérand ameletewa chakula na mwanamke mrefu mwenye kicheko kikubwa. Ni mke wake, Concilie. Wana watoto wanne! Akanitambulisha kwake kuwa ndiye rafiki yake wa kijitabu, na mama wa watu akanipa sambusa mbili.

Nimelifikiria jambo hili kwa kina huku nikila sambusa. Mtu mwingine angesema kwamba Vénérand basi hamtaki Murielle, anapenda historia tu. Huo ni ufupi wa mawazo. Mwanaume mwenye mke hana wasiwasi mbele ya wanawake, kwa hiyo huongea vizuri, kwa hiyo ni hatari mara mbili. Sambusa zilikuwa nzuri sana, lakini sitayumbishwa.


Jumatano, 9 Aprili

Leo ilikuwa siku yangu. Kukata karatasi!

Ni sanaa ya kwao. Unachukua karatasi nyekundu, unaikunja, unaikata kwa mkasi mdogo, ukiikunjua unakuta ua, au ndege, au samaki. Watu hubandika madirishani nyakati za sikukuu. Madamu Shen alikata peoni moja mbele yetu huku akizungumza na mteja, wala hakutazama mkono. Alipoikunjua, hata mimi nilisahau kuwa na wivu.

Sasa, mkasi! Mimi nimeshika mkasi tangu nina miaka kumi na mmoja. Nilimtazama Vénérand akihangaika kuingiza vidole katika matundu, nikamhurumia. Nikakataa ule mkasi mdogo, nikachukua wangu wa kazi. Nikakata harakaharaka, mbwembwe nyingi, na Murielle alikuwa amesimama nyuma yangu na chanuo mkononi.

Nikakunjua. Kabichi.

Nikajaribu tena. Kabichi kubwa zaidi. La tatu lilikuwa kabichi lenye majani ya nje.

Madamu Shen akalichukua, akaligeuza, akaniuliza kwa nini kila jani lina ukingo wa upana wa kidole nje ya mstari. Hapo ndipo nilipong'amua. Mkono wangu umekataa kukata juu ya mstari! Miaka thelathini na mitano naacha nafasi ya mshono, na mkono hauwezi kuamini kwamba karatasi haishonwi. Nikamweleza kwamba ni ziada ya kutanulia, endapo mteja atanenepa. Akaitafakari kauli hiyo, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya bunda la satini.

La Vénérand lilipofunguliwa lilikuwa vipande ishirini na tatu vya karatasi, akavifagia mwenyewe na kuomba radhi kwa jengo zima. Kwa hiyo nimeshinda. Murielle ameomba lile kabichi la tatu, amelibandika kwenye kioo cha saluni yake. Huenda ni huruma. Huenda anapenda mboga.


Ijumaa, 11 Aprili

Uchaguzi umefanyika. Mwelezaji wa historia: Vénérand. Mimi nimepewa kubeba meza na kulinda chungu cha ua.

Habari ya chungu ni hii. Madamu Shen ana mche wa peoni alioupata hapa hapa Johannesburg kwa mzee mmoja mwenye bustani. Ana miaka sita nao. Haujawahi kuchanua hata siku moja. Sasa Aprili hii ndiyo umechakaa kabisa, majani yamekuwa kahawia, mengine yameanguka. Jumatatu aliuleta dukani hivyo hivyo. Alisema kwao Aprili ndiyo mwezi wa peoni, angependa ua lake liwepo hata kama lina vijiti vitupu. Akakifuta chungu vumbi kwa kiganja. Nilimwonea huruma kweli.

Na ndani ya huruma hiyo likazuka wazo. Ikiwa ua litachanua kesho, nani atasikiliza nasaba? Watu wote watamwacha Vénérand na fimbo yake ya kuonyeshea, watakuja kwa mlinzi wa chungu. Murielle atasimama hapo kutwa nzima, alisema mwenyewe. Nami nitakuwa nimesimama hapo hapo. Jumapili anajibu Cape Town. Ni kesho au basi.

Nina satini nyekundu iliyobaki kwenye nguo za wasimamizi wa harusi. Nimeketi tangu saa nane hadi jua limeshuka, nimeshona maua saba. Kila jani peke yake, na kila ua na bitana ndani ili lisimame. Sijawahi kushona kitu kizuri hivi, na sisemi kwa majivuno. Mikono ilikwenda yenyewe, nami nilikuwa nafikiria uso wake.


Jumamosi, 12 Aprili

Niandike yote kwa mpangilio, ili siku moja haki itendeke.

Saa moja asubuhi nimeyafunga maua yote saba kwenye vijiti vya peoni kwa uzi wa kijani. Saa mbili Madamu Shen akaingia, akaona, akasimama ghafla. Akaweka mkono mdomoni. Akakizunguka chungu mara mbili. Nikajua ameamini.

Saa tatu watu wakajaa. Wanafunzi kutoka Braamfontein, akina mama wa vitenge, wafanyabiashara wa ghorofani, Concilie na watoto wote wanne. Vénérand akaanza na nasaba ya kwanza. Kufikia ya pili alikuwa amebakiwa na mkewe na wanawe. Wengine wote walikuwa kwangu! Nikawaambia ua hili lilikataa miaka sita, na leo limechanua kwa sababu ndiyo mara ya kwanza kusikia historia yake kwa Kiswahili. Walipiga picha. Murielle alikuja, akasimama mbele ya maua. Macho yake yaling'aa. Niliona Cape Town ikififia.

Saa nne kamili Vénérand akaacha nasaba, akaja na ndoo ya kumwagilia. Madamu Shen alikuwa amemkabidhi kazi hiyo tangu Jumatatu, kila siku saa nne, naye ni mtu wa saa. Ningemzuiaje? Ningemwambia nini, usimwagilie ua? Akamwaga kutoka juu, kwa ukarimu, kama mvua ya Bujumbura.

Satini ile ilikuwa haijawahi kufuliwa. Rangi ikatoka. Kwanza tone moja, kisha mchirizi, kisha kitambaa cheupe cha meza kikawa chekundu, na kiatu cha Concilie nacho. Mwanafunzi mmoja Mkenya akauliza kama ni kawaida ua kuvuja damu. Nikasema ni utomvu. Nikasema maua ya Luoyang yana utomvu mwingi sana wakati wa Pasaka.

Hapo ua moja likalowa, likawa zito, likakatika, likaanguka miguuni pa Murielle. Akaliokota. Akalifunua. Nikaona anaona bitana. Akaona pindo. Kisha akakunja uso kidogo, akasogeza karibu, akasoma.

Mungu wangu. Mkono wangu! Mkono huu ambao humaliza kila nguo kwa namna moja tangu nilipoanza kazi! Ndani ya kila ua, chini kabisa, nilikuwa nimeshonea lebo: FIRMIN COUTURE, BUKAVU – JOHANNESBURG.

Murielle akasoma kwa sauti. Watu wote wakanigeukia. Nikakaza shingo, nikasema hilo ni jina la aina ya ua.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile tangu nizaliwe. Vénérand peke yake hakucheka. Alisema, masikini, kwamba hakulikuta jina hilo kijitabuni, lakini huenda kuna toleo jipya.

Madamu Shen alicheka pia, na machozi yakimtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Akatuambia alijua tangu mlangoni. Hapa Johannesburg Aprili majani yanaanguka, ua gani lingechanua sasa? Lakini kwao leo hii mji mzima uko nje ukitazama peoni, na yeye ana miaka sita hajaiona Aprili yenye ua. Ndiyo maana alizunguka chungu mara mbili. Alitaka kuchelewa kidogo kujua. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilijisikia vibaya, kisha vizuri, kisha sijui.

Akamwambia Vénérand aandike kadi kwa hati yake nzuri, iwekwe kati ya karatasi zilizokatwa na zile taa: Maua ya kitambaa, kazi ya mikono ya Firmin, fundi wa Bukavu. Nikapinga. Nikasema mimi sijakiri kitu. Kadi ikawekwa.

Watu walipopungua, Murielle alikuwa bado ameshika lile ua lenye maji. Akaniuliza, polepole, bila utani, kazi yote hii, majani yote haya moja moja, nilikuwa namshonea nani.

Nilimtazama. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa rangi. Tulikuwa peke yetu kabisa pale kwenye chungu.

Nikasema ni kwa ajili ya uhusiano mwema wa mataifa.


Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nimekaa safu ya nyuma kanisani ili nisionekane. Murielle alikuwa mbele. Kichwani, juu ya sikio, alikuwa amechomeka ua langu, amelikausha na kulipiga pasi. Padri alilitazama mara mbili.

Nje akanisubiri langoni. Akasema amempigia binamu yake simu asubuhi. Haendi Cape Town.

Nikamuuliza kama ni sababu ya upepo.

Alinitazama kwa muda mrefu sana, namna anavyotazama nywele zilizofungamana akitafuta pa kuanzia. Kisha akasema Pasaka anapika, saa saba, Vénérand na Concilie watakuja, na Madamu Shen pia. "Papa Firmin, ukuye tu weye mwenyewe. Hapana maua, hapana historia. Niko na swali moja ya kukuuliza, na ujibu na neno moja." Akaondoka anatabasamu, ua likitikisika.

Nimerudi nyumbani mbio. Swali moja! Neno moja! Huu ni mtihani, na nimegundua hila iliyomo: akisema hapana historia, ni ili nisijiandae. Nimempigia Vénérand kumwomba kijitabu. Amesema nisijisumbue, jibu la swali hilo halimo humo, hata mtoto wake wa mwisho analijua. Nikasikia Concilie akicheka nyuma yake. Wachoyo! Wanataka niaibike mezani.

Sawa. Nimenunua daftari jipya na nimeahirisha suruali zote za wiki. Nimebakiwa na siku saba, na wafalme wa China, wakihesabiwa wote, ni mamia.